Chisenga wa Lukafu, Mahojiano Mawili

Mliponiaga pale idarani mlinipa saa ya ukutani, zawadi ya ajabu kwa mtu ambaye hana tena mahali pa kuchelewa. Kisha mkaniomba niseme maneno machache kuhusu kazi. Nilisema mawili, tukahamia kwenye fanta. Kwa hiyo yale niliyoshindwa kuyasema nayaandika hapa, kwa ajili yenu mnaoanza sasa masomo ya juu ya historia huku mkilalamika kwamba mtandao uko polepole. Vyeo nitaviruka, kwa kuwa vilichelewa kuja, na mishahara nitairuka kwa kuwa kuna miaka haikuja kabisa. Nitawaeleza jinsi nilivyoipata diploma yangu ya masomo ya juu wakati nchi inaporomoka, na jinsi mzee niliyemwita mwongo alivyoniokoa.

Nilikuwa mwalimu wa historia katika shule ya wasichana, mama wa watoto wanne, tunakaa Bel-Air, mjini Lubumbashi. Lisansi, shahada ya kwanza ya kwetu, niliichukua nikiwa kijana, na tangu hapo nilikuwa nikifundisha yaleyale kila mwaka: wafalme, mikataba, vita vya Ulaya. Siku moja msichana wa dawati la mbele aliniuliza ni nani waliochimba shimo la kwanza la mgodi wa hapa kwetu. Alitaka majina yao. Nilikuwa na jina la mhandisi Mzungu, na jina la farasi wake pia. La mchimbaji hata mmoja sikuwa nalo. Nilirudi nyumbani nimevurugika, nikamwambia mume wangu kwamba nataka kurudi chuoni.

"Masomo tena?" akasema. "Utaenda kusoma nini? Bantu benye balishakufwa?"

"Njo bale benyewe," nikamjibu, yaani ndio haohao.

Alicheka mpaka akakohoa. Kesho yake alinitengenezea meza kwa mbao za makreti ya bia, na meza hiyo ninaandikia hata sasa.

Siku yangu ya kwanza chuoni mvua ilikuwa imeniloanisha mpaka kwenye viatu, na sikujali. Nilikuwa na furaha ya mtoto aliyenunuliwa daftari jipya. Profesa aliyekubali kunisimamia aliitwa Célestin, lakini wanafunzi walimwita Source, kwa sababu hakuna sentensi uliyoweza kumwambia, hata kwamba mvua inanyesha, bila yeye kuuliza chanzo chake: "Source iko wapi?" Alikuwa mtu mfupi, mwenye suruali iliyovutwa juu ya kitovu, na mkono wake ulikuwa haukosi chaki. Alinisikiliza nikieleza nataka kuandika nini: watu waliotoka upande wa Lukafu na vijiji vya jirani kuja kutafuta kazi Lubumbashi, tangu wale wa kwanza kabisa waliokuja kwa miguu. 

"Mama Béa," akasema mwishoni, "kwanza uende kunawa mikono. Utashika makaratasi yenye kuzeeka kupita wewe."

Hivyo ndivyo nilivyoingia kazini. Alinipeleka kwenye bohari la ofisi moja ya zamani ya kuajiri wafanyakazi, ambako rejista za kuandikia watu zilikuwa zimepangwa mpaka darini. Alinifundisha kuandika kwa penseli tu mbele ya rejista, kamwe si kwa kalamu ya wino. Alinifundisha kutengeneza fishi, vile vikadi vyetu: jambo moja, fishi moja, juu jina la mtu na kijiji chake, chini mahali ulipolipata. Duka halikuwa na fishi tena, kwa hiyo nilizikata kutoka kwenye makatoni ya sabuni, na mpaka leo nikizifungua chumba kinanukia kufulia. Nilikuwa na redio ya kaseti iliyoazimwa kwa shemeji yangu, na betri nilizokuwa nikizianika juu ya bati la choo ili zipate nguvu ya saa moja zaidi. Ninyi mnaorekodi kwa simu mtaniona mshamba. Lakini mtu anayesikia betri zinakufa anajifunza kuuliza swali zuri mapema.

Rejista zile zilinilevya. Kila mstari ulikuwa mtu: jina, kijiji, namba aliyopewa, siku aliyoandikwa. Nilikuwa natoka shuleni mchana, nakimbia bohari, nasoma mpaka mlinzi anatikisa funguo. Nilipata majina kutoka Lukafu, nikayaimba njia nzima kurudi Bel-Air. Msichana wa dawati la mbele nilimpelekea orodha. Hakukumbuka kwamba aliniuliza, lakini hilo halikunipunguzia raha.

Tatizo lilikuwa sura ya kwanza. Profesa alikuwa na sheria yake: kila sura isimame kwa miguu miwili, karatasi na mdomo wa mtu. Kwa watu wa reli na wa mgodi wa baadaye nilipata midomo mingi. Kwa wale wa kwanza, waliokuja kabla ya vita ya kwanza ya Wazungu, nilikuwa na karatasi tu. Wote walikuwa wamekufa. Bila shahidi sura haisimami, na bila sura ile hakuna tasnifu, kwa sababu zote zilizofuata zilitegemea hiyo.

Ndipo watu wakanielekeza Makomeno, mtaa wa watu wa reli, kwa mzee mmoja mstaafu wa reli, Papa Chisenga, mtu wa Lukafu. Nilimkuta kwenye uwanja wa binti yake akitengeneza tairi la baiskeli. Alikuwa na miaka kama sabini, meno yote yapo, mikono imara. Alinikaribisha kiti, nikabonyeza kaseti, nikamwomba aanze mwanzo.

"Nilitoka Lukafu na miguu," akasema. "Tulikuwa bengi. Tulilala mu pori siku sita. Kufika huku, muji haukukuwa. Kulikuwa mahema na moshi. Bakaniandika, bakanipa namba, nikachimba."

Moyo uliruka. Kisha nikaanza kuhesabu.

"Papa, ilikuwa wakati gani?"

"Mbele ya vita ya kwanza ya Bazungu."

"Mais Papa, kama iko vile, leo mungekuwa na miaka mia moja."

"Andika vile niko nakuambia."

"Labda ni baba yenu njo alikuya?"

"Baba?" Alishangaa kweli. "Baba alikuwa mulimaji. Hakutokaka Lukafu ata siku moja. Ni miye, Chisenga. Miye nilikuya na miguu. Kisha nikakuwa ku kiwanda, kisha nikakuwa ku reli."

Nilikwenda kukagua bohari, na kweli nikamkuta. Chisenga, kijiji Lukafu, aliandikwa katika miaka ile ya mwanzo kabisa. Chisenga, kijiji Lukafu, akaandikwa tena baadaye sana, kiwandani. Chisenga, kijiji Lukafu, mara ya tatu, reli. Niliziandika namba zote tatu kwenye fishi, nikarudi Makomeno na fishi hizo kama mwanasheria mwenye ushahidi. Nilikuwa nimeshasoma vitabu kuhusu namna ya kukamata ushahidi wa uongo, na nilikuwa na hamu ya kukamata.

Nilimwambia mbele ya binti yake na wajukuu wake. Nilimwambia kwamba mtu hawezi kuajiriwa kabla hajazaliwa, na kwamba historia haitaki hadithi za kubembelezea watoto. Halafu nikafunga daftari usoni pake. Hakukasirika kwa sauti. Aliinama akaokota spana yake.

"Ukichoka na mahesabu yako," akasema, "utarudia."

Kwenye fishi ya ile namba yake ya kwanza niliandika kwa penseli nyekundu: HAPANA. Kaseti zilikuwa adimu, kwa hiyo juu ya sauti yake nikarekodi mtu mwingine, fundi wa mashine aliyenieleza kwa saa nzima jinsi alivyoonewa na msimamizi wake. Naandika haya kwa aibu. Wiki ile nilijiona nimekuwa mtafiti kamili, na nilimsimulia kila mtu jinsi nilivyomshika mzee wa Makomeno.

Halafu nchi ikaanguka. Ninyi mlizaliwa baadaye, mnasikia tu neno "pillage", uporaji, likitajwa na wazazi wenu. Kwetu lilikuwa siku chache za risasi, na watu wakipita na friji kichwani. Maduka yaliachwa kuta tupu. Chuo kilifungwa, kikafunguliwa, kikafungwa tena, mpaka tukaacha kuuliza. Siku ya tatu nilikwenda kutazama bohari langu. Mlango ulikuwa umeng'olewa na fremu yake. Nadhani hadi leo kuna nyumba inayoutumia. Ndani hamkuwa na kitu. Hata rafu zilikuwa zimekwenda.

Wiki mbili baadaye nilinunua karanga sokoni. Nilipokunjua karatasi niliona mistari ninayoijua: jina, kijiji, namba. 

"Dada, hii karatasi ulitosha wapi?" nikamwuliza mwuzaji.

"Bananiuzishaka na kilo," akasema. "Yenye kubakia tunawashaka nayo mbabula."

Mbabula ni lile jiko letu la makaa. Mwezi mzima nilikula karanga. Nilizunguka kila meza, nikichagua vifurushi kwa mwandiko wake badala ya ukubwa wake. Mwuzaji mmoja alimwambia mwenzake kwamba yule mama ana mimba, na ya mapacha. Nilipata kurasa chache, zenye mafuta mafuta, za watu wa vijiji vingine. Rejista za Lukafu zilikuwa zimeshapika ugali wa mtu. Kilichobaki duniani kuhusu watu wale wa kwanza kilikuwa fishi zangu za katoni, na fishi bila mdomo wa mtu wa kuziunga mkono ni maneno ya mwalimu mmoja tu. Watu waliokuja kwa miguu walikuwa mikononi mwangu, na nilikuwa karibu kuwadondosha.

Kisha ikaja ile miezi mibaya zaidi, watu wenye asili ya mkoa wa jirani walipofukuzwa makwao. Profesa Célestin alizaliwa Lubumbashi, akasoma Lubumbashi, akatufundisha historia ya Lubumbashi, lakini wazazi wake walitoka Kasai, na hilo likatosha. Majirani aliokula nao walimwonyesha njia. Nilimkuta stesheni, ambako maelfu walikuwa wakingoja treni kwa majuma, wanapika na kuzaa na kuzika pale pale kando ya reli. Alikuwa amekaa juu ya sanduku la vitabu, suruali yake juu ya kitovu kama kawaida. Nilikuwa nimemletea mkate na sikujua niseme nini. Nilijisikia haya kuwa mtu wa mji ule.

"Umeleta fishi?" akauliza.

Nilikuwa nazo begani. Kila mtu alibeba kitu chake cha thamani siku zile. Akazipokea, akapanga zile za sura ya kwanza juu ya sanduku, akawa anasoma huku mtoto wa watu wengine akilala mguuni pake. Akasimama kwenye ile nyekundu.

"HAPANA juu ya nini?"

Nilimweleza: mzee wa miaka sabini, anayesema alikuja kabla ya vita, jina moja lililoandikwa mara tatu, baba aliyekuwa mkulima. Nilimweleza kwa ufupi, maana sikuwa na fahari tena.

"Wewe mama yako iko muntu wa wapi?" akauliza.

"Upande wa Kasenga, Prof. Si mbali na Lukafu."

"Na kwenu, muntu akifwa, jina yake inakwendaka wapi?"

 Mbele ya macho yangu niliona uwanja wa bibi yangu, baada ya matanga. Niliona binamu yangu mdogo amekalishwa juu ya mkeka, amefungwa shanga nyeupe mkononi, amepewa maji anywe. Kisha watu wote walipita mmoja mmoja wakamsalimu kwa jina la bibi. Mjomba wangu, mtu mzima mwenye mvi, alimwita mama tangu siku hiyo, na binamu alimjibu "mwanangu" na kumkaripia akilewa. Alikuwa akituambia: "Wakati nilizaa mama yenu, mvua ilikuwa inanyesha." Hakuna aliyecheka. Kwetu jambo hili linaitwa kupyana. Mtu hafi na nafasi yake. Mwingine anaingia ndani ya jina, na madeni yake, na watoto wake, na kumbukumbu zake, na anapozisimulia anasema mimi. Wala jina haliendi kwa mtoto wa marehemu. Linakwenda kwa ndugu, kwa mjukuu, au kwa mwana wa dada. Ndiyo maana baba yake Chisenga hakuhusika kabisa. Nilikuwa nimeuliza swali la Kizungu kwa mtu wa nyumbani.

Nilijua haya yote tangu utotoni. Nilikuwa nimeyaacha kwenye mlango wa shule siku ya kwanza, pamoja na viatu vya matope, na mtu waliyemwita mgeni ndiye aliyelazimika kunikumbusha.

"Prof," nikasema, "haikukuwa uongo. Ni batatu. Ni mujomba, na mujomba wa mujomba. Mmoja alikuya na miguu, mmoja akakuwa ku kiwanda, na yeye ku reli. Na kila mmoja alimwachia mwenzake kila kitu."

"Donc uko na mudomo ya muntu wa kwanza," akasema Profesa. "Ilikuwa inakungoja Makomeno, inatengeneza tairi."

Nilimkumbatia mbele ya umati ule wote, jambo ambalo mwanafunzi hamfanyii profesa wake. Niliruka. Mama mmoja aliyekuwa akikoroga sufuria karibu nasi aliuliza kama treni imefika. Katika mahali pale pa huzuni nilikuwa na furaha iliyonitia aibu, na Profesa naye alikuwa nayo, nilimwona usoni. Alinirudishia fishi kwa mpangilio.

"Uende umusikilize tena," akasema. "Na uanze na kuomba radhi. Muntu mwenye kukasirika anasemaka kidogo."

Treni yake iliondoka siku nne baadaye. Sikumwona tena, ingawa barua zake zilinifikia, na kila moja ilikuwa na swali lake lilelile mwishoni.

Nilikimbilia Makomeno. Nyumba ilikuwa na watu wengine. Jirani aliniambia Papa Chisenga alirudi Lukafu kulima, kama wazee wengi mwaka ule, kwa kuwa mjini bei ya chakula ilikuwa imewashinda. Gari la kwenda huko lilikuwa moja tu la kutegemewa: lori la Kambale, mfanyabiashara kutoka Butembo, Kivu ya Kaskazini, mwenye ghala karibu na kwetu Bel-Air. Alipeleka chumvi, sabuni na nguo, akarudi na mahindi. Alikuwa mlokole wa kweli, na hakuwasha injini bila maombi.

"Tuombe kwanza, mama," akasema. "Ile njia, Leta ilishaisahau. Anabaki Mungu peke yake."

Leta ni serikali, na alikuwa sahihi. Nilikaa mbele pamoja na mkewe na kuku watatu. Kambale alitaka kujua ninafuata mzigo gani Lukafu.

"Nafuata maneno ya mzee mmoja."

"Maneno?" Alifikiri kilomita nzima. "Hayo hayataoza njiani, angalau."

Tulikwama mara mbili, tukasukuma, tukaomba tena. Njia nzima nilikuwa nikijifunza kwa moyo jinsi nitakavyoomba radhi. Nilikuwa nimebeba kaseti mpya mbili, betri mpya, na shati la zawadi. Sijawahi kusafiri na hamu kubwa kiasi kile, hata niliposafiri kwenda kuolewa.

Papa Chisenga alikuwa amekufa miezi mitatu kabla.

Binti yake, yule yule wa Makomeno, ndiye aliyeniambia, akiwa amesimama kwenye shamba na jembe mkononi. Hakuwa na sababu ya kunihurumia. Niliketi chini pale pale kwenye matuta. Nililia kwa ajili yake, na nakiri, nililia pia kwa ajili ya sura ya kwanza, na sikuweza kutenganisha machozi haya na yale. Nilikuwa nimemfuta kwenye kaseti kwa mkono wangu mwenyewe. Binti aliniacha nilie kiasi, kisha akasema kwa ukali kidogo:

"Mama, uko nalia juu ya nini? Uende umusalimie. Eko ku nyumba."

Kwenye baraza alikuwa amekaa mwanaume wa miaka thelathini hivi, mkulima, mwenye udongo mbichi miguuni. Kwenye kifundo cha mkono alikuwa na shanga nyeupe. Aliponiona hakusimama, na binti yule mtu mzima alipiga magoti kumsalimu, akamwita Tata, yaani baba.

"Ulikawia," akaniambia. "Nilikuambia, ukichoka na mahesabu utarudia."

 Nilipiga magoti mimi pia. Yale maneno niliyoyakariri njiani yote yalinitoka, nikasema tu: "Papa Chisenga, munisamehe. Nilifunga daftari mbele yenu."

"Mbele ya bajukuu yangu," akasema. "Ile njo iliniuma."

"Mbele ya bajukuu yenu. Munisamehe."

 Halafu akaomba niletewe kiti, na akaniuliza kama lile redio langu bado linafanya kazi.

Alisimulia alasiri nzima, kwa maneno yaleyale: Nilitoka Lukafu na miguu. Tulikuwa wengi. Alisema mahema na moshi kwa mpangilio uleule wa Makomeno, kisha akaendelea mbele kuliko pale nilipomkatiza: majina ya wenzake, nani aliugua njiani, nani alirudi, nani alifunikwa na udongo ndani ya shimo na wimbo gani waliuimba wakimtoa. Majina niliyoyajua, kutoka kwenye rejista zilizokwisha kuungua. Kila jina lilipotoka mdomoni mwake nilichambua fishi zangu, na kila mara fishi ilikuwepo. Betri hazikufa. Mke wa Kambale, aliyekuja kuniita tuondoke, alikaa chini akasahau kuniita, na Kambale aliyekuja kumtafuta mkewe akakaa naye.

Mwishoni Chisenga aliingia ndani akatoka na kitambaa. Ndani yake kulikuwa na kibati cha duara, kimelainika kwa kushikwa, chenye tundu la uzi na namba iliyogongwa kwa nyundo.

"Banipatia hii siku nilifika," akasema. "Nilikuwa naivaa ku shingo."

Nilitafuta fishi ya Chisenga wa kwanza. Ilikuwa namba ileile. Nilimwonyesha, akaisoma polepole kwa kidole, halafu kidole chake kikasimama juu ya lile neno jekundu.

"Na hii?"

"Hiyo ni kosa yangu, Papa."

"Uiache," akasema. "Bantu baone ulirudia."

Niliiacha. Fishi hiyo iko kwenye droo ya juu ya idara, sanduku la kwanza. Yeyote kati yenu atakayekaa kwenye kiti changu, aanze nayo.

Chuo kilipofunguliwa tena nilikuwa na tasnifu iliyopigwa taipu juu ya migongo ya karatasi za mitihani ya shule. Profesa mwingine alikubali kunisimamia kwa sababu ya barua za Célestin. Siku ya kutetea ukumbi ulijaa: mume wangu, watoto, wasichana wangu wa shule, Kambale na mkewe mstari wa mbele wakiniombea kwa midomo. Lori lao lilikuwa limeingia asubuhi hiyo na mahindi, na juu ya mahindi lilikuwa limempakia Chisenga, niliyemtumia habari bila kutegemea kwamba angeacha palizi. Mume wangu alimwazima koti.

Jopo lilinisikiliza vizuri mpaka kwenye sura ya kwanza. Hapo mjumbe mmoja, profesa aliyekuja kutoka mbali, aliinua miwani yake. Alikuwa na sauti ya mtu aliyekamata kitu, na niliitambua, kwa kuwa ilikuwa yangu.

"Madame, hapa umeandika: Chisenga wa Lukafu, mahojiano mawili. Ukurasa unaofuata, umeandika kwamba Chisenga alikufa kabla ya mahojiano ya pili." Alisubiri watu wacheke, na wachache walicheka. "Sasa mimi nauliza kitu kimoja. Source iko wapi?"

Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa na fishi nne na maelezo ya nusu saa. Nilifungua mdomo.

Nyuma kabisa kiti kiliburutwa. Mwanaume wa miaka thelathini alisimama, koti likimbana mabegani, kibati kikining'inia shingoni.

"Niko hapa," akasema. "Nilikuya na miguu."